Flashi ya Linux inayowaka leo na kugoma kesho

Wengi huamini kwamba flashi iliyowekewa mfumo endeshi wa Linux ikiwasha kompyuta leo na kugoma kesho, basi mashine hiyo haipatani na Linux. Ila mashine isiyopatana nayo kwa kawaida hugoma kila mara, na Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaozuia mifumo isiyoidhinishwa kuwaka, nayo ikizuia, huzuia siku zote. Kuwaka mara na kugoma mara huelekeza kwenye flashi, tundu lililolegea au kasoro kwenye faili la ISO, yaani faili la Linux ulilopakua na kuliandika kwenye flashi.

Kagua faili kwanza: endesha sha256sum, amri inayokokotoa alama ya utambulisho ya faili, ulinganishe jibu na alama iliyotolewa na watengenezaji. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

Flashi bandia ndizo sumbufu zaidi, zile zilizoandikwa GB 64 huku uwezo halisi ukiwa 8. Hamisha vitu vyako, kisha tumia programu ya F3, ambayo huijaza flashi na kuisoma tena. Ikiwa nzima, badilisha tundu.