Je, polima huingizaje jeni ndani ya seli bila virusi?

Mpwa wangu wa kidato cha nne aliniuliza swali hili katika saluni moja ya Kondele, Kisumu, kichwa chake kikiwa mikononi mwa msusi. Alikuwa amesikia redioni kuhusu tiba ya jeni kwa selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za kando ya ziwa zinaujua, na kwamba mara nyingi jeni hubebwa na virusi. “Shangazi, kwani lazima virusi?” Nikamjibu bila kusita: la, ipo plastiki inayotoboa ukuta wa seli, jeni ikapenya. Nilikuwa sahihi kuhusu plastiki tu. Hata huo ukuta haupo. Ni wa mimea, seli zetu zina utando, na ni yeye aliyenisahihisha.

Virusi hutumiwa kwa kuwa kuingia ndani ya seli ndiyo kazi yao tangu jadi. Lakini mwili huvikumbuka na kuvishambulia, na shehena yao ina mpaka: aina iitwayo AAV hubeba herufi za DNA zipatazo 4,700 tu. Polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, mfano ile plastiki yangu, haina sanduku la kujaa.

Kazi ya kwanza ni ya msusi. Nywele za bandia zikichomolewa kwenye pakiti siku kavu hutawanyika, kila unywele ukiukimbia mwenzake, maana zote zimebeba chaji ya aina moja. DNA nayo ina chaji hasi mwili mzima, kwa hiyo haikubali kujikunja ikawa ndogo. Ukiichanganya na polima yenye chaji chanya, kama polietilenimini (PEI, ambayo pia huimarisha karatasi viwandani), zile hasi hutulizwa na uzi hulala kama nywele zilizopakwa mafuta. Pete ya DNA ya herufi 5,000, yenye mzingo wa mikrometa 1.7, husinyaa ikawa kidonge cha nanometa mia moja hivi.

Sasa huko kutoboa. Kidonge hicho hubaki na chaji chanya ya ziada, kwa hiyo hunata kwenye sukari zenye chaji hasi zilizo juu ya utando. Kisha seli yenyewe hukimeza: utando hubonyea, hukizunguka, hujifunga kuwa kifuko. Mimi nilikuwa natafuta mwizi aliyevunja mlango, kumbe mwenye nyumba ndiye aliyembeba hadi ndani, akamfungia stoo. Kwani kuwa ndani ya kile kifuko si kuwa huru ndani ya seli. Kifuko hupelekwa kwenye usagaji; pampu hukijaza protoni, chembe zenye chaji chanya, asidi hupanda, vimeng'enya husubiri. Kazi ngumu ni kutoka humo, wala si kuingia.

Mwaka 1995 kundi la mkemia Jean-Paul Behr huko Strasbourg, Ufaransa, lilipendekeza kwamba PEI hufanya kazi kama sponji. Kila atomu ya tatu kwenye uti wake ni naitrojeni, na nyingi bado zina nafasi ya kupokea protoni. Pampu husukuma, polima hufyonza, pampu husukuma tena. Kloridi, yenye chaji hasi, hufuata, na maji hufuata kloridi. Shona kimfuko cha kitambaa, kijaze maharagwe makavu hadi pomoni, kitumbukize majini usiku kucha. Asubuhi mishono imeachia, na hakuna aliyeshika kisu.

Maelezo haya ni matamu, lakini yana mushkeli. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima asidi katika vifuko hivyo, wakakuta PEI haikuibadilisha kama nadharia ilivyotaka. Wengine wanadhani polima huukandamiza utando wa kifuko hadi ukachanika. Basi huenda kutoboa kupo, ila kwa upande wa ndani. Lililo wazi ni kwamba vidonge vingi havitoki kamwe, vinavyotoka bado havijafika kwenye kiini, na minyororo mirefu ya PEI, iliyo hodari zaidi kupeleka jeni, ni hodari pia kuua seli.

Kwa sababu hiyo PEI imeshamiri zaidi maabara na viwandani kuliko mwilini mwa wagonjwa. Huko huchanganywa na DNA yenye maelekezo ya kuunda AAV, kisha mchanganyiko hupewa seli zilizooteshwa, nazo huvizalisha virusi hivyo. Yaani polima iliyotarajiwa kutuondolea virusi inasaidia kuvitengeneza. Nilipomsimulia hilo, safari iliyofuata ya saluni, mpwa wangu alicheka mpaka msusi akamwambia atulize kichwa.