Gari la testi si "gari lolote kubwa"

Juzi saa tatu usiku simu imelia. "Shikamoo mwalimu. Kesho asubuhi nina testi ya E, naomba unitafutie gari lolote kubwa." Nikaitikia marahaba, kisha nikanyamaza kidogo, maana ningeendelea ningesema maneno ambayo mama watoto hataki yasikike sebuleni. Huyo ni wa nne mwezi huu, na wote wana neno hilohilo: lolote.

Madaraja ya leseni hapa Tanzania nayapitia haraka, kwa sababu mnayajua au mnajifanya mnayajua. D ndiyo ya gari dogo na ndiyo mlango wenyewe. E ya malori huigusi kabla hujakaa na D miaka 3. Mabasi ni C na wadogo zake, na mwenye E akishika usukani wa basi la abiria amejitafutia kesi. Testi inafanyika kwa gari la daraja unaloliomba, na gari unakuja nalo wewe. Trafiki hana lori la kukuazima. Hapo sina la kuongeza.

Kinachoniumiza kichwa ni breki.

Kijana amejifunza miezi 2 kwa Canter. Canter hizi zinazobeba mchanga na matofali mjini nyingi zina breki za mafuta, kama gari la mjomba wako, ila kubwa. Siku ya testi shemeji yake anampatia Scania, lori la breki za upepo, kutoka yadi fulani Tabata. Anapanda, anawasha, anaweka gia, anaachia klachi, lori linagoma. Anaongeza moto, bado linagoma. Anashuka anamwambia utingo injini haina nguvu. Injini ina nguvu za kuvuta nyumba, ndugu yangu. Geji ya upepo haijapanda!

Watu wanaamini upepo ndio unaolishika lori likiegeshwa. Siyo. Linashikwa na springi, tena springi ngumu kwelikweli, na kazi ya upepo pale ni kuibana springi ili breki iachie. Kama tenki ni tupu, lori limejifunga. Ndiyo maana asubuhi unawasha, unasubiri, unaangalia geji mpaka ikaribie ba 8 na ule mlio wa onyo ukatike, ndipo unagusa kitasa cha kuachia breki. Na ndiyo maana lori likipoteza upepo njiani linajifunga lenyewe, wakati la breki za mafuta likipoteza mafuta ya breki linakwenda zake. Ni wanyama wawili tofauti, na kila mmoja anataka mguu wake.

Mguu, ndiyo. Breki ya mafuta ikilegea unapampu, na kweli inarudi kidogo. Ukipampu breki ya upepo unautoa upepo nje, psss, psss, kila mkanyago, na kompresa haiwezi kukurudishia kwa kasi hiyo. Nimeshuka mlima Kitonga nyuma ya mtu aliyekuwa anafanya hivyo. Taa zake za breki zilikuwa zinawaka na kuzima kama duka la CD, nami nikamwachia nafasi kubwa kabisa. Mtu huyo alikuwa na leseni. Sijui alitestiwa na gari gani, lakini nina dau langu.

Halafu kuna Fuso za katikati, ambazo upepo unasukuma mafuta. Ukizisikia zinapumua unadhani ni upepo mtupu kama semi, yale malori ya kuvuta trela, kumbe magurudumuni ni mafuta. Mwenye lori mwenyewe mara nyingi hajui. Muulize fundi wake.

Jambo la pili ni gia. Siku hizi malori ya otomatiki yanaongezeka mjini na kila mwanafunzi anataka hilo, lisilomzimikia mlimani. Hapo nina kisa cha nyumbani. Mtoto wa dada yangu yuko Marekani, alinitumia picha ya leseni yake ya malori: "Anko, nimepata E!" Nikampongeza, nikawatangazia hadi majirani. Baadaye ndiyo ananieleza kwamba kule E ni alama ya katazo. Ukifanya testi kwa gari la otomatiki wanakuandikia E, yaani huruhusiwi kuendesha lori la biashara la gia za mkono. Ukienda na gari lisilo na breki za upepo kabisa unapata L, na lile la upepo nusu, mafuta nusu, unapata Z. Daraja lenyewe la semi wanaliita A, na hapa kwetu A ni ya bodaboda. Nikawaza, wenzetu wameandika kwenye leseni kile ninachopigia kelele kila siku: gari ulilokwenda nalo ndilo linalosema umetestiwa nini.

Sasa, lori limepatikana. Nani atalileta? Hapa ndipo wanapokatika. Wewe una D na karatasi ya lena, yaani kibali cha kujifunza. Huwezi kulitoa yadi Kurasini ukalipitisha barabara ya Mandela peke yako saa moja asubuhi, katikati ya makontena ya bandarini. Lazima aje mtu mwenye E, na ni vizuri awe dereva wa lori lilelile, kwa sababu anajua klachi yake inashikia wapi na kioo kipi kinadanganya. Mlipe posho, mnunulie chai. Bosi wake naye umpoze, maana siku ya testi ni siku bila tripu, na hapo sizungumzii dizeli. Wengi wanaona gharama hiyo wanarudi kwenye "lolote".

Kadi ya gari, bima, ukaguzi: ziwe hai, na ziwe ndani ya gari, zisiwe kwa karani aliyesafiri. Bima uisome. Nyingi zinamtaka anayeendesha awe na leseni inayofaa, kwa hiyo ukigonga ukuta wakati wa kurivasi, mwulize bosi mapema nani analipa ukuta. Mimi niliwahi kumwazima mwanafunzi lori langu bila kuuliza swali hilo. Nililipa geti la watu na klachi yangu.

Jioni ya kuamkia testi, toa maji kwenye matenki ya upepo. Unyevu huu wa pwani wote unaingia mle. Kisha lori likiwa na upepo umejaa, zima injini, kanyaga breki uishikilie dakika nzima, ukiangalia geji. Ikishuka mbele ya macho yako, lori hilo si la testi. Taa, honi, waipa, tairi, pembetatu, mtungi wa moto, vibao vya L vya mwanafunzi mbele na nyuma. Hivyo havihitaji mwalimu, vinahitaji macho.

Kuna kitu sijakimaliza moyoni. Malori yote niliyowahi kupeleka testi yalikuwa matupu. Sheria inaruhusu semi ifike tani 56 na mzigo wake, na lori la tani hizo halisimami kama tupu, halikati kona kama tupu, na linakusukuma kutoka nyuma kwenye mteremko. Tupu lenyewe lina ubishi wake, tairi za nyuma zinaruka ukikanyaga ghafla. Kwa hiyo kijana wangu akifaulu, mimi nimeona nini hasa? Nimeona anayejua kutembeza kibati. Mwanafunzi akisafiri na mzigo kwa mara ya kwanza huwa nasafiri naye kwa mawazo mpaka anipigie akiwa Mikumi. Nimewahi kufikiria kukataa kufundisha kwa lori tupu, lakini nani atanipa mzigo wake niufanyie mazoezi?

Kijana wa juzi nilimwambia aahirishe. Alinuna, ila akaahirisha. Leo jioni amepiga tena, sauti ya furaha: amepata Fuso ya rafiki wa shemeji yake, na dereva mwenye E atakuja nayo. Nikasema vizuri sana. Nikamuuliza ina breki gani.

"Zinashika vizuri, mwalimu."