Chai ya China: asumini huishia wapi? Dhana potofu na ukweli

"Chai ya kijani na chai nyeusi ni mimea miwili."
Mmea ni mmoja, Camellia sinensis. Tofauti huanza jani likishachumwa. Longjing, kijiji cha Hangzhou, majani hutandazwa kwa saa chache yapungue maji, kisha hutiwa kwenye karai la moto na kukandamizwa kwa kiganja kitupu hadi yawe bapa. Joto hilo huyazuia yasigeuke rangi. Yangeachwa yanyauke, yakasokotwa na kupigwa na hewa, yangekuwa kahawia kama parachichi lililokatwa; hiyo ndiyo chai nyeusi. Wachina wenyewe huiita nyekundu, hongcha, kwa rangi yake kikombeni. Na usimweleze mtu wa huko habari za "chai ya rangi", mtachanganyana zaidi.

"Nenda mwezi wowote, utaiona ikitengenezwa."
Kericho huchuma mwaka mzima, ndiyo maana tunadhani kote ni hivyo. Chai ya Longjing inayothaminiwa zaidi huchumwa kabla ya Qingming, siku inayoangukia karibu tarehe 5 Aprili. Ukichelewa sana, huenda ukaona shamba tu.

"Jani changa ndilo bora."
Kwa Longjing, sawa. Lakini kwenye milima ya Wuyi, mkoani Fujian, hungoja chipukizi lifunguke, wakachuma majani matatu au manne yaliyokomaa kiasi. Jani laini mno halistahimili kurushwarushwa kwenye ungo na baadaye kukaangwa polepole kwa joto la makaa.

"Da Hong Pao ya dukani imetoka kwenye miti mama."
Da Hong Pao ndiyo chai maarufu ya Wuyi. Vichaka hivyo vya kale ni sita tu, vimening'inia jabalini huko, na havijachumwa tangu 2006. Ya dukani hutokana na vipandikizi, au ni mchanganyiko wa chai za huko huko.

"Chai ya asumini ni chai iliyotiwa maua."
Hapa nami nilikuwa mkosaji, nikichagua pakiti yenye maua mengi. Katika mji wa Fuzhou, vitumba vya asumini huchumwa mchana vikiwa vimefumba, kwa kuwa hufunguka usiku. Aliyekulia Lamu au Unguja, palipo na vikuba vya asumini, hahitaji kuelezwa: asumini hunukia jua likishazama. Basi usiku huo maua hupangwa tabaka kwa tabaka na majani makavu ya chai, ambayo hunyonya harufu pamoja na unyevu. Lundo hupata joto, hufumuliwa lipoe, hurundikwa tena. Maua yakishanyauka huchekechwa na kutolewa, maana yakibaki huharibu ladha, na chai hukaushwa upya. Kwa chai nzuri kazi hiyo hurudiwa usiku kadhaa, kila mara kwa maua mapya. Yale maua meupe niliyokuwa nikiyalipia mara nyingi ni pambo.