Plastiki haiyeyuki baharini

Wengi tuliokulia pwani tumesikia kwamba bahari ni kubwa, chumvi na mawimbi humaliza kila kinachotupwa. Kwa kifuu cha nazi, sawa, japo huchukua muda. Kwa plastiki, hapana.

Mwaka 2004 Richard Thompson, mwanasayansi wa bahari wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake waliuliza: plastiki yote inakwenda wapi? Walichota mchanga wa ufukweni wakaukoroga katika maji ya chumvi kali. Mchanga ukazama, chembe nyepesi zikaelea. Nyingine zilikuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, za nailoni na akriliki. Chembe hizo ndogo za plastiki ndizo tunazoziita leo maikroplastiki. Katika maabara, minyoo ya mchangani ilizimeza ndani ya siku chache, na minyoo hiyo ni chakula cha samaki na ndege.

Kinachotudanganya ni macho. Okota kipande cha ndoo kilichopigwa na jua ufukweni miezi mingi, kikunje: kinavunjika kama biskuti na kuacha unga vidoleni. Unga huo bado ni plastiki ileile, ila sasa hata dagaa anaweza kuumeza.