Si stelingi, si mpita njia: mwigizaji wa wahusika ni nani?

Aliyekulia kwenye mabanda ya video anamjua stelingi. Ndiye anayepigana, ndiye anayependwa, na akipigwa risasi hatuna wasiwasi, kwa sababu stelingi hafi. Lakini katika filamu hiyohiyo yupo hakimu anayesoma hukumu kwa sauti ya kuchoka, au daktari anayevua miwani kabla ya kusema neno, au karani wa benki anayemtazama mteja viatu kwanza. Anatokea dakika mbili, anaondoka, nawe ukitoka nje unamkumbuka ingawa jina lake hulijui. Waingereza humwita "character actor". Kiswahili hakijapata neno moja lililotulia. Hapa nitamwita mwigizaji wa wahusika.

Si yule anayejaza soko au stesheni bila kufungua mdomo. Wala si sawasawa na mwigizaji msaidizi, maana usaidizi ni nafasi ndani ya filamu moja: stelingi wa leo anaweza kumsaidia mwenzake kesho, na keshokutwa akarudi mbele. Mwigizaji wa wahusika ni mtu ambaye maisha yake yote ya kazi ni kuingia katika hadithi za wengine, akiwa mtu kamili tangu sekunde anapoonekana.

Hilo la sekunde ndilo linalonifanya niwaheshimu sana watu hawa. Stelingi anapewa saa nzima tumzoee. Mwigizaji wa wahusika anapewa mlango wa kuingilia, na jinsi anavyoufunga mlango huo ndiyo itakayotueleza kwamba huyu ana cheo, ameoa, ana njaa na hapendi kelele. Mliosoma fasihi mnamkumbuka mhusika bapa, yule asiyebadilika toka mwanzo hadi mwisho, ambaye kwenye mtihani hupewa mstari mmoja. Waigizaji hawa hukabidhiwa wahusika bapa wakawatia damu.

Uingereza ya miaka ya 1940 hadi 1960 ilikuwa na waigizaji wa namna hii wengi, na wingi huo ulikuwa na sababu zake. Sheria ya mwaka 1927 iliyalazimisha majumba ya sinema kuonyesha kiasi fulani cha filamu za nyumbani, hivyo kazi haikukosekana. Mwaka 1946 ziliuzwa tiketi zaidi ya bilioni 1.6 katika nchi ya watu wasiofika milioni 50. Studio kubwa za Ealing, Pinewood, Shepperton na Elstree zote zilikuwa ndani au kandokando ya London, basi mtu aliweza kuigiza filamu mchana na jioni akawahi jukwaani mjini.

Halafu kulikuwa na suala la tabaka. Mwingereza wa enzi hizo alisikia sentensi moja tu akajua msemaji kasoma shule gani na baba yake alikuwa nani. Lafudhi, kofia na mkao vilikuwa kama kitambulisho. Mwongoza filamu aliyehitaji kanali, padri, mpagazi au mke wa mbunge hakuwa na haja ya kumweleza mtazamaji lolote. Alimwita mtu sahihi kwa siku mbili tatu.

Mmoja wa watu hao sahihi alikuwa John Le Mesurier. Alizaliwa Bedford tarehe 5 Aprili 1912, baba yake wakili. Akasomeshwa Sherborne, shule ya bweni ya wenye nacho, kisha akawekwa katika ofisi ya mawakili mjini Bury St Edmunds ajifunze kazi ya baba. Mwaka 1933 akaiacha sheria, akaenda London kwenye chuo cha maigizo cha Fay Compton. Mwanafunzi mwenzake alikuwa Alec Guinness.

Vijana hawa wawili wanaonyesha kuwa ufundi huu una matawi mawili. Guinness alikuwa wa kujigeuza: mwaka 1949, katika Kind Hearts and Coronets, alicheza watu wanane wa ukoo mmoja, mwanamke akiwemo, na baadaye akapanda hadi kuwa nyota mwenye Oscar. Le Mesurier hakujigeuza. Uso ni uleule mrefu, macho yaleyale mazito, sauti ileile ya chini kama ya mtu aliyeamshwa usingizini na hataki kumuudhi aliyemwamsha.

Kuna wanaolidharau tawi hili la pili, wakisema ni kujirudia. Siwaungi mkono. Mtazame katika I'm All Right Jack ya mwaka 1959. Ni mtu wa kupima muda wa kazi kiwandani, jamaa wa kuhesabu sekunde za wenzake, na Le Mesurier akampa kitu kimoja tu: shavu linalochezacheza lenyewe. Bila mtu kueleza lolote tunaona kwamba anayewabana wafanyakazi naye amebanwa. Mwaka huohuo alikuwa daktari katika Ben-Hur, na mwaka uliotangulia alikuwa Oliver Cromwell, yule mtawala wa Uingereza wa karne ya 17. Mwaka 1969 alikuwa mkuu wa gereza katika The Italian Job. Uso haukubadilika, lakini kila mara alikuwa na jambo jingine la kuficha.

Ufundi huo haukutoka chuoni peke yake. Mwaka 1934 alianza na kundi la maigizo Edinburgh, katika mfumo ambao uliwalea karibu waigizaji wote wa kizazi chake: kundi moja, jumba moja, na tamthilia mpya karibu kila wiki. Usiku unacheza ya wiki hii, asubuhi unafanya mazoezi ya wiki ijayo. Jumatatu wewe ni mchungaji, Jumatatu inayofuata ni mwizi. Hapakuwa na muda wa kumtafuta mhusika kwa miezi; ilibidi umpate kwenye mwendo, kwenye kola, kwenye namna ya kushika kikombe. Kisha vita vikaja. Mwaka 1940 bomu liliiteketeza nyumba yake, akaingia jeshini kwenye vifaru, akapelekwa India na kurudi akiwa kapteni. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1948, naye ana miaka 36. Mwishowe zilizidi mia.

Umaarufu ulimfikia akiwa na miaka 56, tena kwenye televisheni. Dad's Army, iliyorushwa na BBC kuanzia mwaka 1968 hadi 1977 kwa vipindi 80, ilihusu mgambo wa mji mdogo wa pwani wakati wa vita: wazee na vijana waliokosa sifa za kwenda mstari wa mbele. Arthur Lowe alikuwa Kapteni Mainwaring, meneja wa benki, mtu wa tabaka la kati aliyepanda kwa jasho. Le Mesurier alikuwa Sajenti Wilson, karani wake mkuu, mpole, mwenye lafudhi ya watu wa juu. Mkubwa anamwonea wivu mdogo wake, na mdogo anatoa amri za kijeshi kana kwamba anaomba chumvi mezani. Katika maisha halisi vyeo vilikuwa kinyume: Le Mesurier ndiye aliyewahi kuwa kapteni, na Lowe alikuwa sajenti-meja. Baadaye Le Mesurier alieleza kwamba kwa Wilson aliamua tu kuwa yeye mwenyewe. Nadhani kauli hiyo ya unyenyekevu inaficha kazi kubwa, kwa sababu huwezi kuwa wewe mwenyewe mbele ya kamera kwa miaka tisa bila kujua hasa kipi katika wewe kinaonekana.

Mwaka 1971 alipewa nafasi ya mbele katika Traitor, tamthilia ya televisheni ya Dennis Potter, akiwa jasusi Mwingereza aliyekimbilia Moscow. Ulegevu ule uliowachekesha watu kwa Wilson hapa ukawa wa mtu aliyeharibikiwa. Tuzo ya BAFTA, ile ya filamu na televisheni ya Uingereza, ya mwigizaji bora ikaja. Tungetarajia kwamba baada ya hapo angekataa vipande vidogo. Hakukataa. Aliwasimulia watoto hadithi kwenye televisheni, akawa Bilbo, mhusika wa hadithi ya The Lord of the Rings, katika redio, akawa padri katika tamthilia ya televisheni ya Brideshead Revisited mwaka 1981, kazi ya kuingia na kutoka kama zamani.

Lugha yetu ina neno zuri kwa maisha hayo. Kibarua ni barua ndogo: kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, ili jioni alipwe. Waigizaji wa vipande vidogo nao walilipwa kwa siku. Le Mesurier alifariki Ramsgate tarehe 15 Novemba 1983. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu alichoandika kuhusu maisha yake, na jina lake, A Jobbing Actor, kwa Kiswahili ni Mwigizaji Kibarua.