Svalbard bila viza: nusu ya kweli inayopoteza watu

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu: eti kuna visiwa vya Norway, Svalbard, ambako yeyote huingia bila viza na kupewa kazi na nyumba.

Kipande kimoja ni kweli, na ndicho kinachowachanganya watu. Chini ya mkataba wa 1920, Svalbard yenyewe haidai viza wala kibali cha kazi. Tatizo ni njia. Ndege za kawaida za kwenda Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard, hupitia Norway bara, Oslo au Tromsø, na huko mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Tena iwe ya kuingia mara mbili, maana Svalbard iko nje ya Schengen. Ukirudi bara, unaingia upya.

Nyumba hazigawiwi, nyingi ni za waajiri. Asiyeweza kujikimu anaweza kuondolewa, na hapo ni mahali ambapo jua halichomozi kwa karibu miezi minne.

Kuhakiki ni rahisi: tafuta tiketi uone ndege inatua wapi, kisha soma masharti kwenye tovuti ya serikali ya Norway. Ukiupokea ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze. Kuna mtu anaweza kuuza shamba kwa ajili yake.