Kuku Wasiokufa: Dhana Potofu Kuhusu Kufundisha Ujasiriamali Chuoni

Wiki iliyopita nimepokea tena, kutoka kundi moja la wanafunzi wangu, mchanganuo wa biashara (mpango wa maandishi wenye makadirio ya gharama na faida) ya kuku wa nyama. Kurasa 43, jalada la plastiki, jedwali la faida ya miaka mitano. Vifaranga 500 wanaingia bandani, kuku 500 wanakwenda sokoni. Hakuna aliyekufa kwa mdondo, hakuna aliyeibwa, na chakula hakipandi bei. Nikauliza kundi zima: kifaranga wa siku moja leo shilingi ngapi? Wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, bei tuliitoa kwa kaka zetu wa mwaka wa tatu."

Dhana: kufundisha ujasiriamali ni kufundisha kuandika mchanganuo.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, na wa kulaumiwa ni sisi wahadhiri: mchanganuo ni rahisi kusahihisha. Ukweli ni kwamba unamfaa aliyekwisha kumjua mteja wake na anacholipa. Kwa anayeanza, kila namba ni ya kubuni, na Excel haikatai uongo. Mtafiti wa ujasiriamali Saras Sarasvathy aliwapa wajasiriamali wazoefu 27 wa Marekani tatizo la biashara walitatue huku wakisema wanachowaza. Matokeo akayachapisha mwaka 2001. Wengi hawakuanza na makadirio ya soko. Walianza na walichonacho mkononi, watu wanaowafahamu na hasara wanayoimudu.

"Lakini benki na halmashauri wanautaka mchanganuo!" Wanautaka, ndiyo. Ndiyo maana naufundisha wiki mbili za mwisho. Kabla ya hapo kila kundi nalipatia shilingi elfu kumi, siku saba na daftari; mtaji unarudi, faida yao. Muhula uliopita kundi moja liliuza maandazi hosteli. Siku ya tatu wakagundua kila mnunuzi anauliza chai, na kabla ya saa moja asubuhi hakuna anayeiuza. Wakaazima chupa mbili. Daftari lile, lenye madoa ya mafuta, nililipatia alama nyingi kuliko mchanganuo wa kurasa 43.

Wala si uchawi wangu. Chuo cha Babson, Marekani, kilianza mwaka 1996 kuwakopesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mtaji wa kuunda kampuni, wauze kweli, kisha waifunge.

Dhana: mjasiriamali huzaliwa. Mtoto wa Kariakoo anayejua kupanga bei akiwa darasa la nne amekaa nyuma ya meza ya baba yake miaka mingi. Huko nako ni kufundishwa, ila cheti hakuna.

Dhana: leteni tajiri awatie moyo. Aje, karibu sana. Ila abebe daftari la madeni, hadithi ya kulala njaa tumeshaisikia.

Dhana: mhitimu akiajiriwa, kozi imefeli. Aliyefundishwa kuuliza wateja kabla ya kutumia fedha anamfaa mwajiri pia. Na wengi hufungua biashara baada ya kukusanya mtaji na kuzoeana na watu kazini.

Kundi la kuku nimewarudishia kazi yao. Ijumaa waje na bei ya kifaranga, bei ya mfuko wa chakula, na mama lishe mmoja aliyekubali kununua kuku watano.